Nimerudi Dodoma baada ya miezi mitano kisiwani Chole, nyumba yangu mwenyewe inanishinda. Waliopitia hili naombeni mnisaidie

MamaTatu_Nkuhungu

Wakuu habari za usiku. Naandika nikiwa jikoni, watoto wamelala, baba yao kalala, mimi usingizi hauji na leo ni siku ya kumi na mbili tangu nirudi. Naombeni mnisome mpaka mwisho, ni marefu kidogo lakini kiukweli sina mwingine wa kumwambia.

Mwezi wa kwanza mama yangu mdogo alianguka akavunjika nyonga. Anaishi Chole, kile kisiwa kidogo kinachotazamana na Utende kule Mafia. Alifanyiwa upasuaji Dar, alivyoruhusiwa akakataa katakata kuuguzwa mjini, akasema nirudisheni kwangu. Watoto wake mmoja yuko Muscat mwingine yuko chuo, ikaonekana mimi ndiye wa kwenda maana cherehani ni yangu mwenyewe naweza kuifunika nikaondoka. Nikaaga wiki sita. Nimekaa miezi mitano. Niliondoka kaskazi bado inavuma, nimerudi kusi imeshashika, boti kutoka Kilindoni kule Mafia mpaka Nyamisati upande wa bara tumelowa wote, basi mpaka Mbagala, nikalala kwa shemeji, kesho yake treni ya umeme na mchana niko Dodoma. Usiku ule kitanda kilikuwa kinayumba kama bado niko majini mpaka nikawa nashika ukuta. Hilo la kuyumba liliisha siku ya tatu, haya mengine ndo hayaishi.

Kwanza saa zangu zimeharibika. Naamka saa kumi usiku kila siku, macho makavu, nimeshakaa kitako kabla sijajua niko wapi. Kule siku za kumpeleka mama mdogo hospitali Kilindoni ilikuwa lazima tuvuke maji yakiwa yamejaa, kwa sababu yakitoka mashua inasimama mbali na mgonjwa wa nyonga huwezi kumbeba kwenye tope, kwahiyo bamvua, yale maji makubwa ya mwezi kuandama na mwezi mpevu, ikiangukia siku ya kliniki tunaondoka alfajiri giza. Na siku zisizo za kliniki nilikuwa naamka tu kumgeuza.

Pili ni magharibi. Chole kuna popo wakubwa sana, mchana wananing'inia mitini wanagombana, jua likizama wanaondoka makundi kwa makundi wanavuka maji kwenda Mafia kubwa kutafuta matunda. Mama mdogo tulikuwa tunamtoa nje na kiti chake tunawaangalia mpaka wa mwisho apite ndo tunaingia ndani. Sasa hapa Nkuhungu ikifika saa kumi na mbili na nusu najikuta nimefungua mlango wa nyuma nimesimama uani. Jana mtoto wangu wa kati akaniuliza, mama unamsubiri nani? Nikakosa jibu.

Lakini kinachonitoa machozi ni hiki. Nina watoto watatu, wa mwisho ana miaka minne. Nilipoondoka tulimleta dada wa kazi, binti mzuri sana mtulivu, na mama mkwe alikuwa anakuja kila wiki kutoka Kongwa. Nyumba imekwenda vizuri bila mimi. Vyombo vimehamishwa, sukari sijui iko wapi, unga uko kwenye ndoo ambayo zamani ilikuwa ya nguo chafu. Watoto wanakula mlenda kila jioni na wanaupenda, na zamani wakiuona walikuwa wananuna. Siku ya nne tangu nirudi huyu mdogo alianguka pale kwenye ngazi akachubuka goti, mimi nimekaa kibarazani hatua tatu tu, nikanyoosha mikono. Akanipita. Alinipita hivi hivi akilia akaenda kumkumbatia dada kiunoni, dada naye akaona aibu akawa anamsukuma taratibu aje kwangu, na mtoto anazidi kumng'ang'ania. Nikainuka nikaenda chumbani nikafunga mlango.

Baba watoto ni mtu mwema, hajaninyanyasa hata kwa neno, ila na yeye naona ananiangalia kama mgeni, ananiuliza "utakula nini" nyumbani kwangu jamani.

Na kuna jambo moja ambalo sijamwambia mtu yeyote. Mimi kule nilikuwa na furaha. Mgonjwa alikuwa anaumwa, usiku nilikuwa silali vizuri, nilikonda, lakini nilikuwa na furaha. Chole hakuna gari hata moja, unasikia mtu anakohoa nyumba ya tatu. Mwezi wa pili shemeji zake mama mdogo walinipeleka Kilindoni kuona papa potwe, yule samaki mkubwa mwenye madoadoa, akapita chini ya mashua yetu taratibu kama hana haraka na dunia, ni mrefu kuliko mashua yenyewe, na mimi nilikuwa nimeshika ubao natetemeka na huku nacheka. Nilifundishwa kuchokoa pweza na wanawake wenzangu. Nina miaka 38 na sikumbuki lini mara ya mwisho nilijifunza kitu kipya. Sasa nikilia watoto wanadhani nalia kwa sababu ya bibi, kumbe nalilia kisiwa, na najiona nina dhambi.

Je hii huwa inaisha? Mlifanyaje? Niongee na mume wangu au ninyamaze ipite?

Mwana_wa_Utende

Dada pole na hongera kwa kumuuguza mama yetu, na mimi nimezaliwa upande wa pili wa hayo maji, kwahiyo umeniandikia habari za kwetu nikiwa hapa Tandika nimekaa dukani koo limenikaba.

Nikwambie kuhusu saa kumi usiku. Kwetu bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanajaa kwenye saa kumi hivi, alfajiri na jioni, na yanatoka kabisa kwenye saa nne hivi asubuhi, ndo maana mlikuwa mnakwenda kuchokoa pweza muda ule. Halafu kila siku yanachelewa kama dakika 50, mpaka mnafika maji mafu ambapo hayatoki sana wala hayajai sana na pweza hamna. Umeishi miezi mitano kwa hesabu hiyo, hiyo ni bamvua kumi. Saa ya ukutani haikuwa na kazi kwako. Sasa umerudi mahali ambapo saa moja asubuhi ni saa moja kila siku, iwe mwezi mchanga iwe giza.

Mimi nilikuja Dar 2009 na kwa muda mrefu nilikuwa naamka usiku nikisikiliza, nasikiliza nini sijui, maana hapa bahari haisikiki. Kilichonisaidia si kujilazimisha kusahau. Nilikuwa nampigia mama kila mwezi ukiandama namuuliza bamvua hii imekuwaje, wamepata nini, kusi imewaacha watoke au la. Nikishajua basi nalala. Mpigie mama mdogo saa ile ile ya popo. Mwambie akupe simu usikilize kelele zao. Usicheke, fanya.

Na juu ya dhambi, hakuna dhambi hapo. Ulimuuguza ukiwa umefurahi, na mgonjwa anajua mtu anayemuuguza kwa furaha na anayemuuguza kwa kuhesabu siku.

BintiKojani

Shoga yangu assalaam alaykum. Mimi nakujibu kutoka upande mwengine, upande wa aliebaki nyumbani.

Mume wangu mvuvi, Mkojani wa Pemba, na sisi waume zetu wanakwenda dago. Kwa wasiojua, dago ni kule kuhama na vyombo na nyavu mukaweka kambi pwani ya watu wengine, miezi mitatu, mine, mpaka msimu ugeuke. Hata huko Mafia wanafika. Nimeolewa miaka 19 na katika hiyo sijui mingapi nimekaa peke yangu. Kwahiyo hili la nyumba kujipanga bila ya mtu mimi nalijua hadi kwenye mifupa, ila mie ndie niliekuwa naipanga.

Nakwambia wallahi kurudi ndio kugumu kuliko kuondoka. Akiondoka nalia siku mbili kisha maisha yanakwenda, nalala katikati ya kitanda, napika ninachotaka, watoto wanajua amri ni moja. Akirudi kila kitu kinabanana. Miaka ya mwanzo alikuwa akiingia tu anaanza, hiki mbona kiko hapa, huyu mbona hajatahiriwa, nani kamruhusu yule kwenda madrasa ya kule. Tukigombana mpaka anatamani dago nyengine ifike upesi. Mtoto wangu wa pili alikuwa akimkimbia, anajificha nyuma ya kanga yangu, na mwanamme mzima nimemuona akitoka nje kwenda kulia nyuma ya banda la kuku. Kwahiyo usidhani ni wewe tu.

Aliotufundisha ni marehemu mama mkwe wangu. Alimwita mwanawe akamwambia, wewe siku saba za mwanzo ni mgeni, kaa kama mgeni, kula unachopewa, usihamishe hata kijiko. Ya nane uliza. Na mie akaniambia, katika siku hizo saba mpe kazi moja iwe yake, moja tu, na usimuingilie. Akapewa kuwakogesha watoto jioni. Basi. Hakuwa akifanya jengine. Siku ya tano yule mtoto aliekuwa akimkimbia akamwita mwenyewe, "baba maji yamo kwenye ndoo".

Sasa wewe umeshapita siku kumi na mbili, hujachelewa. Usirudishe vyombo mahala pake pa zamani. Unga uache kwenye hiyo ndoo. Usimwondoe huyo msichana ghafla kwa wivu, nakuomba kwa Mungu, mtoto atapoteza mama wawili kwa mwaka mmoja. Chagua kitu kimoja kiwe chako kila siku saa ile ile na umwambie dada kwa heshima, mdogo wangu hii niachie mimi. Na mtoto akianguka tena akamkimbilia yeye, kaa hapo hapo karibu, usiende chumbani kufunga mlango. Akuone uko.

Mumeo mwambie yote, na la furaha pia. Yeye kakuuliza utakula nini kwa sababu hajui umerudi nani.

Mtabibu_Vijijini

Naingia kwa jambo moja tu nitoke. Dada, hujasema una homa, lakini usingizi mbaya, kukonda na machozi visikufanye usahau kwamba umetoka ukanda wenye malaria zaidi, umekaa kule masika yote. Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo, kwahiyo mtu akija na kichwa na uchovu kuna siku tunawaza mafua au presha kwanza. Ukisikia homa, baridi, viungo kuuma au kutapika wiki hizi, nenda kapime siku hiyo hiyo na umwambie anayekuhudumia "nimetoka Mafia juzi". Hata kama ulilala kwenye neti kila siku.

Kuhusu machozi, wiki mbili za kulia baada ya kuuguza mtu miezi mitano mimi siiti ugonjwa. Lakini ikifika mwezi na zaidi, huli, hulali, watoto huwaoni hata wakiwa mbele yako, au ukianza kuwaza kwamba bora usiwepo, hapo usisubiri ushauri wa mtandaoni, nenda kituo cha afya ueleze hivyo hivyo ulivyoeleza hapa. Umeeleza vizuri sana.

Fundi_Bomba_255

Mimi naona mnazunguka. Kama mtu alikuwa na furaha Chole, kwanini familia isihamie Mafia? Cherehani inafanya kazi popote, mume atafute uhamisho, watoto wadogo bado. Maisha ni haya haya, tunang'ang'ania vumbi la mjini kwa sababu gani? Naongea kutoka moyoni, mimi nilipita Kilindoni mwaka juzi kikazi siku tisa, mpaka leo najuta kurudi.

DukaLaPwani

@Fundi_Bomba_255 kaka nakuheshimu lakini hilo nimelifanya mimi, naomba unisikilize.

Nilikwenda Mafia kwa mapumziko mwezi wa kumi na mbili, nikakaa wiki saba, nikarudi Morogoro nikawa kama huyu dada, sili silali nawaza bahari. Nikauza kiwanja nikaenda kufungua duka la vifaa vya ujenzi Kilindoni. Sijuti kwamba nilikwenda ila nilichohamia hakikuwa kile nilichokiona. Mimi niliiona Mafia ya kaskazi, jua, papa potwe, maji meupe. Sikuiona ya masika, njia imekuwa bwawa. Sikuiona ya kusi ambapo unasubiri saruji siku nane iko Nyamisati na boti haitoki, wateja wanakuja kila asubuhi wanaangalia rafu wanaondoka. Mke wangu alipata uchungu wa mimba ya pili kabla ya wakati ikabidi apelekwe Dar, nilivyoona ule uwanja mdogo wa ndege na bei ya tiketi siku ile nilielewa kwanini watu wazima wa kule wanasali sana kabla ya safari. Mtoto alikuja salama namshukuru Mungu. Tulirudi bara baada ya miaka miwili na miezi.

Na dada ana bahati moja ambayo mimi na wewe hatukuwa nayo, yeye kaiona Mafia ikiwa na mgonjwa ndani, kaiona mpaka masika, kwahiyo anachokililia anakijua. Ila aliishi kule akiwa na kazi moja tu, kumhudumia mtu mmoja anayempenda. Angehamia na watoto watatu na ada na mume anayetafuta kazi, isingekuwa Chole ile ile. Mimi ningemshauri asiuze kitu chochote wala asiamue chochote kikubwa mpaka kusi iishe. Mwezi wa kumi arudi wiki mbili, safari hii na watoto, wamwone bibi yao na wale popo. Baada ya hapo ndo aongee na mumewe mambo ya kuhama, kama bado anataka.

Fundi_Bomba_255

@DukaLaPwani nimekuelewa kaka. Siku tisa si kitu. Pole kwa yale ya mama watoto.

MamaTatu_Nkuhungu

Jamani nimerudi, samahani zimepita siku tisa sijajibu, nilikuwa nawasoma kila usiku lakini nilikuwa sijui niandike nini.

Mtabibu nilikwenda kupima, sina malaria, asante kwa kunikumbusha. Niliwaambia kabisa nimetoka Mafia.

Mwana wa Utende nilifanya ulivyosema. Mama mdogo nilimpigia saa kumi na mbili na nusu akasema subiri, akamwita kijana akamtoa nje na simu, nikawasikia. Akaniambia sasa anatembea na fimbo mpaka mlangoni peke yake. Akaniuliza wewe unalia nini huko kwako, nikamwambia nalia Chole, akacheka sana, akasema Chole haiendi popote.

BintiKojani, dada yangu, sijui nikushukuruje. Unga uko kwenye ndoo ile ile. Mume wangu nilimwambia yote juzi usiku, na la furaha pia, nilikuwa naogopa nimeinamisha kichwa. Alikaa kimya muda mrefu halafu akasema na yeye ana la kwake. Kumbe miezi ile mitano alijifunza kuwasuka watoto nywele, dada alimfundisha, alikuwa anaona aibu kuniambia kwa sababu alidhani nitachukua hiyo kazi. Nikamwambia hiyo baki nayo.

Kazi moja niliyochagua ni nazi. Kule nilizoea kukuna nazi kila siku na mama mdogo alinipa mbuzi yake ya zamani nije nayo, mninga mtupu, ubao umeshalainika kwa kukaliwa, kwenye treni watu walikuwa wananiuliza hiki ni nini. Ilikuwa chini ya kitanda tangu nifike. Jumamosi nikaenda soko la Majengo, nazi bei juu karibu mara mbili ya Kilindoni na unatikisa tatu nne ndo unapata yenye maji, lakini nilinunua mbili. Nikaketi uani nikaanza kukuna. Dada nilimwambia mdogo wangu hii niachie mimi, akaitikia, akaenda kufua.

Yule mdogo akaja akasimama mbali. Akasogea. Akauliza inauma? Nikamwambia haiumi ukishika vizuri, ila lile jino la chuma usiliguse. Nikamweka mbele yangu kwenye ubao, mikono yake ndani ya mikono yangu, tukakuna kifuu kimoja kwa karibu nusu saa, nusu ya machicha yakaishia mdomoni kwake. Jioni tukala mlenda wao na samaki wa nazi wangu sufuria mbili mezani, na mkubwa akachanganya vyote kwenye sahani moja.

Bado naamka saa kumi. Leo niliamka nikatoka nje, mwezi mwembamba sana upande wa mashariki, nikahesabu kwa vidole, bamvua kesho kutwa. Kisha nikarudi kulala na nikalala kweli, mpaka mdogo alipokuja kunivuta shuka anauliza kama leo tunakuna tena.